Siku ya kurejea: kutoka mashua za lulu hadi meza ya chumbani

Kazi imeingia nyumbani na haitaki kutoka. Katika makala haya, mtayarishaji wetu aliyeko Doha, Qatar, anaitazama historia ya Ghuba na ya pwani ya Afrika Mashariki, na kuuliza ni kitu gani walichokuwa nacho wazamiaji na mabaharia wa zamani ambacho sisi tumekipoteza.

Mpenzi msikilizaji, nianze na simu iliyopigwa nyumbani kwangu hapa Doha alasiri moja ya mwaka huu. Aliyepiga alikuwa mama yangu, kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Mimi nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikioni, nikihariri mahojiano ya dakika sita yaliyopaswa kwenda hewani kabla ya magharibi. Binti yangu wa miaka saba akaipokea simu. Nilimsikia akisema, "Shikamoo, bibi." Kisha akajibu swali ambalo sikulisikia: "Baba hayupo. Yuko kazini."

Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka alipo.

Mtoto hakusema uongo. Alikuwa ameniona, akanipima, na akatoa jibu alilodhani ni sahihi. Lililonishtua ni kwamba nililijua jibu lile. Katika miaka ya 1980, katika nyumba ileile anamoishi mama hadi leo, mimi mwenyewe nilifundishwa kumjibu kila aliyebisha hodi akimuulizia baba yangu: "Hayupo. Yuko kazini, Arabuni." Baba alikuwa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka mlango ule. Mimi nilikuwa hatua tatu, na bado mtoto wangu amerithi jibu langu.

Tangu mwaka 2020 imekuwa desturi kusema kwamba kufanyia kazi nyumbani ni jambo jipya, na kwamba matatizo yake nayo ni mapya. Lakini katika upande huu wa dunia, kati ya Ghuba na pwani yetu, suala la nani yuko nyumbani na nani yuko kazini lina historia ndefu. Na historia hiyo inaanzia karibu sana na ninapoishi.

Mji wa wazamiaji

Katikati ya Doha, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Souq Waqif, kuna nyumba nne kuukuu katika mtaa wa Msheireb ambazo mwaka 2015 zilifunguliwa kuwa makumbusho. Ijumaa iliyofuata nilimchukua binti yangu tukaenda kuzitembelea. Tulianza na nyumba ya Radwani, iliyojengwa katika miaka ya 1920, ambayo inaonyesha jinsi familia za hapa zilivyoishi kabla na baada ya mafuta. Katikati kuna ua, na vyumba vimeuzunguka. Mtu aliyekulia Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya nyumba kama ile: kwa nje ni ukuta tu, na uhai wote uko ndani.

Wakati nyumba hiyo inajengwa, Doha ulikuwa mji wa lulu. J. G. Lorimer, ofisa wa serikali ya Kiingereza ya India aliyekusanya habari za Ghuba mwanzoni mwa karne ya 20, alikadiria kwamba Qatar ilikuwa na watu wapatao 27,000, na kwamba mashua zake za lulu, zipatazo 800, zilichukua wanaume zaidi ya 12,000. Hesabu hiyo ina maana kwamba kila kiangazi karibu nusu ya wakazi waliondoka majumbani. Waliobaki walikuwa wanawake, watoto na wazee, nao ndio walioiendesha miji.

Msimu mkubwa wa kuzamia ulichukua takriban miezi minne, ukimalizika mwezi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafungwa jiwe mguuni ili limshushe haraka, na kuteremka hadi chini kukusanya chaza. Juu mashuani alikuwapo mwenzake aliyeshika kamba, kazi yake kumvuta pindi anapotoa ishara. Zoezi hilo lilirudiwa makumi ya mara kwa siku. Mkuu wa chombo aliitwa kwa neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani ni lile lile letu: nahodha.

Maisha yale hayakuwa mazuri, na sitaki kuyapamba. Mzamiaji alichukua malipo ya awali ili familia yake ipate chakula wakati hayupo, na mara nyingi msimu uliisha akiwa na deni kubwa kuliko alipoanza. Nahodha naye alidaiwa na mfanyabiashara. Deni liliweza kumfuata mtu hadi kaburini, kisha likamgeukia mwanawe.

Hata hivyo, msimu ulikuwa na mwisho. Siku ya kufunga uzamiaji iliitwa al-Quffal. Mashua zilirejea kwa pamoja, na watu walijaa ufukweni kuzipokea. Nahodha hakuweza kumfuata mzamiaji hadi chumbani kwake na kumtaka azame tena usiku ule. Bahari ilibaki baharini, na aliyerejea alikuwa amerejea.

Nyumba ya pili tuliyoitembelea, ya Bin Jelmood, inasimulia habari za wale ambao siku hiyo haikuwahusu. Nyumba hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, na leo ni makumbusho ya historia ya utumwa. Miongoni mwa waliozamia lulu walikuwamo Waafrika waliochukuliwa kutoka pwani yetu na bara yake, na ujira wao uliingia mikononi mwa mabwana zao. Mashua iliporudi nchi kavu, wao walirudi katika nyumba isiyokuwa yao. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952, na maana yake ni kwamba wapo wazee walio hai leo waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Binti yangu aliniuliza kama watu wale walikuwa na watoto. Nikamwambia ndiyo. Akauliza watoto walikuwa wakisubiri wapi. Swali hilo sikuweza kulijibu.

Boriti na pepo

Wengine walisafiri kuja kwetu. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yaliteremka pwani ya Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazi, yakiwa na tende, chumvi na mazulia, na kurejea kwa upepo wa kusi. Neno letu la msimu asili yake ni Kiarabu, na mabaharia wa pande zote mbili walilitumia kutaja majira hayo ya kwenda na kurudi. Baharia aliyechelewa kuondoka Zanzibar au Mombasa alijua kwamba kusi likishakolea, ifikapo mwezi Juni, bahari hufunga. Hapakuwa na mwajiri wa kuomba siku tatu zaidi. Pepo ndizo zilizoandika ratiba.

Mwaka 1938 mwandishi na baharia kutoka Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait akasafiri nalo hadi Zanzibar na kuingia katika delta ya mto Rufiji mwaka uliofuata. Huko mabaharia walipakia shehena iliyokuwa ikingojewa Ghuba nzima: boriti za mikoko. Lamu nayo ilipeleka zake kwa wingi. Wakataji wetu walizipanga kwa unene, kila daraja na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Arabuni, nchi isiyo na misitu, miti hiyo ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe na udongo.

Naomba tusimame hapo kidogo. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana. Urefu unaofaa hauzidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vyumba vingi vya zamani katika miji ya Ghuba vina upana huohuo. Mzamiaji wa Doha aliporejea kutoka baharini, alilala chini ya mti uliokatwa Rufiji na mtu ambaye naye alikuwa ameacha nyumba yake kwenda kuukata. Dari iliyoifunika familia moja ilitokana na safari ya baba wa familia nyingine.

Biashara hiyo imekwisha. Lulu zilianguka kwanza, baada ya Wajapani kuingiza sokoni lulu za kufugwa na uchumi wa dunia kuporomoka mwaka 1929. Saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi. Lakini ukipita Souq Waqif leo, baada ya ukarabati uliofanywa katika muongo wa kwanza wa karne hii, utaona vichwa vya miti vikichomoza kwenye kuta, kama vinavyochomoza katika majengo ya kale ya kwetu.

Kaseti kutoka Arabuni

Nyumba ya tatu ya Msheireb ilikuwa ofisi kuu ya kampuni ya kwanza ya mafuta nchini humu. Mafuta yaligunduliwa Dukhan, magharibi mwa Qatar, mwaka 1939. Vita vya pili vya dunia vikasimamisha kazi, na shehena ya kwanza ikasafirishwa nje mwaka 1949. Wanaume waliokuwa wakizamia lulu wakawa vibarua wa visima. Kazi ikaacha kupimwa kwa msimu, ikapimwa kwa saa. Na badala ya mashua, mtu aliishi kambini jangwani.

Mafuta hayohayo ndiyo yaliyomvuta baba yangu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 watu wengi wenye asili ya Oman walikimbilia nchi za Ghuba, na kuanzia miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipoongezeka, watu wengine wa pwani wakawafuata kutafuta riziki. Baba alipata kazi ya ufundi wa mitambo katika bandari moja ya Ghuba. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kisha likizo. Msimu wa miezi minne ulikuwa umegeuka kuwa miezi ishirini na minne.

Tulijuaje kwamba yu hai? Waya wa simu za maandishi ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, lakini tangu zama hizo hadi zetu, njia ya haraka ilikuwa ya wenye fedha. Sisi tulipata kaseti. Msafiri yeyote aliyetoka Arabuni alibeba mfukoni kaseti za majirani. Mama aliweka redio kaseti juu ya meza ya chakula, sote tukakaa, na sauti ya baba ikajaza chumba kwa dakika sitini: salamu kwa kila mtu kwa jina lake, bei ya mchele kule, maagizo kuhusu paa linalovuja. Alikuwa na tabia ya kuacha nafasi baada ya kila swali. "Hamjambo?" angesema, kisha kimya, akitupa muda wa kujibu. Nasi tulijibu, tukiitazama redio.

Ninaamini mapenzi yangu kwa utangazaji yalianzia kwenye meza ile. Lakini nakumbuka pia jambo jingine. Baba aliporudi, alirudi kamili. Kwa miezi miwili hakuna aliyeweza kumpigia simu kutoka kazini, kwa sababu nyumbani kwetu hapakuwa na simu. Asubuhi alikaa barazani na wazee. Jioni alinishika mkono tukaenda Forodhani kutazama majahazi. Kazi ilikuwa Arabuni, na Arabuni kulikuwa mbali.

Umbali unapokwisha

Mwaka 2009 waya mpya wa mawasiliano ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Ulifuata kwa kiasi kikubwa njia ya majahazi, ila haukungoja kaskazi wala kusi. Tangu hapo tumeweza kuonana usoni kila siku. Doha na Mombasa zina saa moja. Mama akisema ni saa tisa alasiri, nami kwangu ni saa tisa. Wanetu wanamjua bibi yao kuliko nilivyomjua baba yangu nilipokuwa na umri wao. Hiyo ni neema, na sitaki mtu aidharau.

Kisha ukaja mwezi Machi 2020. Kutokana na janga la Covid-19, Qatar ilifunga shule na misikiti na kusitisha safari za ndege za abiria wanaoingia, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wa ofisini wakaamriwa kufanyia kazi nyumbani. Nilisoma taarifa nikiwa ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, ili sauti isirudishwe na kuta. Wanangu walitembea kwa ncha za vidole. Tulidhani ni kwa wiki chache. Janga lilipita, lakini meza ilibaki chumbani, na hadi leo sehemu kubwa ya kazi yangu naifanyia pale.

Sikuona mara moja kilichopotea. Nilijihesabia faida: sikai tena kwenye foleni za magari, nakula chakula cha mchana na watoto, nalipa kidogo kwa petroli. Ilinichukua miaka kadhaa, na maneno mawili ya mtoto, kutambua kwamba mzamiaji wa lulu alikuwa na kitu nisichonacho. Yeye aliondoka, akataabika, akarejea. Mimi sikuondoka, kwa hiyo hapana siku niliyorejea.

Wanaoishi kazini

Hapo sina budi kutaja watu ambao malalamiko yangu kwao ni anasa. Doha ina Wakenya, Waganda na Watanzania wengi: walinzi wa majengo, madereva, wahudumu wa hoteli. Na wapo dada zetu wanaofanya kazi za ndani. Kwa mlinzi au dereva, kufanyia kazi nyumbani hakujawahi kuwezekana. Mwaka 2020 wengi wao waliendelea kutoka ili sisi tukae ndani. Kwa mfanyakazi wa ndani hali ni kinyume chake na ni ngumu zaidi: anaishi kazini. Nyumba anamolala ni ya mwajiri, na mlango wa chumba chake uko ndani ya mahali pa kazi.

Sheria imebadilika. Mwaka 2017 Qatar ilipitisha sheria ya kwanza ya wafanyakazi wa ndani, inayoweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka yenye malipo. Mwaka 2020 iliondolewa haja ya ruhusa ya mwajiri ili kuondoka nchini, na baadaye ili kubadili kazi. Mwaka 2021 kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, kilianza kutumika kwa wote. Lakini saa kumi za kazi ndani ya nyumba ya mtu mwingine huhesabiwa na nani, wakati mtoto wa mwajiri analia saa nane za usiku? Mwanamke mmoja kutoka pwani ya Kenya, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba siku yake ya mapumziko huanza pale tu anapopanda basi. Akiwa bado kwenye ngazi, anaweza kuitwa.

Nimelifikiria sana basi lile. Kwake yeye, ndilo ufuko wa al-Quffal.

Kufuli

Neno al-Quffal lina mzizi mmoja, kwa herufi zake za Kiarabu, na neno lililotupatia sisi kufuli. Kurejea na kufunga vimekaa karibu. Nilipolitambua hilo nilikwenda Souq Waqif nikanunua sanduku dogo la mbao lenye tumba la kufuli. Halikuwa ghali. Nimeliweka karibu na mlango wa chumba, na kila jioni, saa kumi na mbili, natia ndani kompyuta na vipokea sauti, nafunga, na ufunguo nampa binti yangu.

Msidhani mimi ni mtu wa azma. Habari hazifuati saa, na mwezi huu pekee nimeuomba ufunguo mara mbili, mara moja kwa jambo ambalo lingeweza kungoja hadi asubuhi. Binti yangu ananipa, lakini hunitazama kwanza. Mtazamo ule unanigharimu kuliko faini yoyote.

Jioni nyingine, hata hivyo, mambo huenda vizuri. Juma lililopita nilifunga sanduku, nikavaa viatu, nikatoka nje hadi kona ya mtaa, kisha nikageuka. Nilibisha hodi katika mlango wangu mwenyewe. Ni jambo la kipuuzi, nakiri, na jirani aliyekuwa akiegesha gari alinitazama kwa mashaka. Ndani nilisikia mama akiongea kwenye simu, sauti yake ikitoka Mombasa, akimuuliza mjukuu wake ni nani anayegonga.

"Ni baba," akasema. "Amerudi."

Msikilizaji, makala haya yanaishia hapo. Kutoka Doha, nakutakia kila la heri, na popote ulipo leo, ukiwa kazini au nyumbani, au pote pawili kwa wakati mmoja, nakuombea siku ya kurejea. Kwaheri.